Chekeche Uliloniachia

Kitale, Alhamisi asubuhi

Mama Zulekha,

Vitwitwi walifika. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza. Walifika siku ya nne baada ya kukuzika, ndege kumi na mmoja, pale ukingoni mwa mto chini ya shamba la Nasimiyu mwenyeji wetu, wakitikisa mikia na kudonoa matope kama miaka yote. Mmoja alikuwa anachechemea. Nilisimama kwenye nyasi bila daftari, nikawahesabu kwa vidole, kisha nikageuka kukuambia. Nimefanya hivyo mara nyingi tangu Septemba. Nageuka, halafu nakumbuka.

Nina jambo ambalo sikukuambia ukiwa hai. Kesho baada ya sala ya Ijumaa naenda nyumbani kwenu kumwambia Zulekha, na nimeona si haki mtoto wako alisikie kabla yako. Kwa hivyo nakuandikia wewe leo. Ukinuna, nuna. Nimezoea.

Wacha nikupe habari kidogo kwanza, maana mkono bado unaogopa.

Ulikosa kura ya katiba, ndizi ya ndiyo na chungwa la hapana. Mtaa wenu wote nyuma ya msikiti uligawanyika, hata yule mama wa mahamri na mteja wake wa miaka yote hawakusemeshana wiki nzima. Ungewakaripia wote wawili. Ng'ombe wa Nasimiyu amezaa ndama jike, na Nasimiyu amempa jina la binti yako. Anamwita "Zurekha" kwa ile sauti yake ya kuvuka mto, na ndama anakuja. Mimi bado ananiita Kaliuki, na hata mimi nakuja. Zulekha mwenyewe ameitoa ile cherehani ya babu yake na kuiweka kibarazani, anashona sare za shule. Simu yako ya kijivu ameiweka na chaji. Siku moja niliipiga kwa bahati mbaya. Hapana, si bahati mbaya. Niliipiga. Akaishika, akasema, "Kariuki, nenda ukule chakula," akakata.

Basi.

Unakumbuka ulivyonichukua? Wewe ulikuwa mama wa maabara pale shuleni na mimi nilikuwa yule wa kuvunja vioo. Nilipomaliza kidato cha nne bila alama za kunipeleka popote, nilirudi kijijini kwetu Kwanza, kwa baba, kupalilia mahindi, nikijua hiyo ndiyo hadithi yangu yote. Wewe ukastaafu. Miaka miwili baadaye ukatuma mtu aniulize kama mikono yangu bado ni mizito vile. Ulikuwa umepata kazi ya wale watu wa ndege kutoka Nairobi, waliotaka kujua vitwitwi wanaotoka nchi za baridi wanakula nini kwetu, na kama chakula hicho kipo cha kutosha. Ulitaka mtu wa kubeba ndoo. Nilidhani ni kazi ya mwezi mmoja.

Ukanipeleka upande wa Bungoma, kule chini ya Sirisia ambako marehemu mzee wako alizaliwa, kwenye ile kona ya mto ambapo maji hupungua na kuacha matope mapana. Nilikucheka siku ya kwanza, sikatai. Mwanamke mtu mzima, buibui umelichomeka ndani ya viatu vya gambuti, unasema Bismillahi na kuzamisha koleo kwenye matope. Ukaniona nimesimama kwenye nyasi kavu. Ukaniambia, "We mtu wa Kwanza, umezaliwa kwenye udongo na unaogopa udongo? Ingia."

Nikaingia. Vijiti kumi kutoka kwenye nyasi mpaka kwenye maji, kamba ikinyooka katikati. Kwenye kila kijiti tunalaza ile fremu ya mbao, tunachimba ndani yake mpaka kina cha kiganja, matope yote kwenye ndoo, kutoka ndoo kwenye chekeche, maji juu yake polepole. Kinachobaki tunakimwaga kwenye sinia jeupe. Konokono upande huu, vikome upande huu, minyoo wekundu wembamba kama uzi peke yao. Kila wakifika kumi, punje moja ya mahindi ndani ya kopo. Kisha matope na wote waliomo wanarudi kwenye shimo walimotoka. Hilo ulikuwa hulisamehe. Siku niliyomwaga ndoo ya kijiti cha tatu kwenye shimo la kijiti cha nne ulinifanya nichimbe upya, mvua ikinyesha, ati watu wamelala nyumba ya jirani. Watu. Uliwaita watu wetu. Ukifika kwa Nasimiyu ukakaa kwenye lile gunia karibu na jiko, jambo la kwanza ni, "Haya, watu wetu wangapi leo?" na mimi namwaga punje kwenye kiganja chako. Halafu unaongeza sukari ya tatu kwenye chai ile uliyokatazwa na daktari, unanitazama, na mimi natazama mlango.

Chekeche ulilitengeneza mwenyewe. Wavu ulikuwa ule wa chuma cha kuchujia maziwa, mwembamba mpaka ukiuinua unaona jua kama limefunikwa na kitambaa. Fremu ya mvule, na herufi Z umeichoma kwa msumari wa moto. Ulikuwa ukinikabidhi nilibebe, lakini usiku wa kulala kwa Nasimiyu ulililaza karibu na kichwa chako.

Sasa nasema.

Ile Desemba ya mwisho ulinipa chekeche nikae nalo Kwanza mpaka Januari, kwa sababu mguu ulikuwa unakuvimba na hukutaka nipitie kwako Kitale ndipo tuteremke Bungoma. Wiki hiyo hiyo wakwe wa dada yangu Wambui walikuwa wanakuja kuleta mahari. Wewe unajua sisi na uji. Mgeni wa mahari hawezi kuketi kwetu bila uji wa mahindi uliochacha, na uji huo lazima uchujwe mpaka usiwe na hata chembe. Chungio la mama likapasuka asubuhi ile ile. Mama yuko jikoni anakaribia kulia, wageni wako njiani. Na mimi ninalo chekeche zuri kuliko yote ya Trans-Nzoia, liko chini ya kitanda changu.

Nililiosha na maji ya moto mara tatu. Nililisugua na majivu. Nikampa mama bila kusema limetoka wapi.

Wageni walikunywa uji wa Mama Zulekha wa minyoo, Mama Zulekha. Wakausifu. Mzee mmoja alirudia vikombe vinne. Nilikaa kwenye kona na uso wangu mzito kama mtu wa msiba, na nilikuwa nafikiria jinsi utakavyocheka. Nilikuwa nimeamua kukuambia. Nataka ujue hilo. Mpaka saa saba mchana siku hiyo nilikuwa bado nitakuambia.

Halafu Wambui, akikandamiza machicha ya mwisho kwa mwiko, akautoboa wavu. Ukapasuka kutoka kona hadi kona.

Hapo ndipo nilipoanza kuwa mwongo. Jumatatu nilikuja Kitale mjini, nikapita mbali na msikiti ili usinione, nikaingia duka la vifaa. Wavu wa maziwa hawana. Walikuwa na ule wa dirishani, wa kuzuia mbu. Niliutazama nikasema huu si ni wavu tu. Matundu yake ni makubwa kidogo, lakini kidogo, bana, nani ataona. Nikaung'oa ule uliopasuka, nikaupigilia huu mpya kwenye fremu yako ile ile yenye herufi yako. Nikaupaka matope uonekane wa zamani.

Sikuogopa kwamba ungenipiga. Niliogopa kwamba ungeniambia nirudi Kwanza. Tena niliona aibu kwa mama, kwamba jambo hilo likitoka, wakwe watasikia walikunywa nini. Sababu ndogo ndogo. Nikizipanga hapa hazijazi hata mstari.

Januari ulilishika chekeche kwa fremu, ukapitisha dole gumba kwenye herufi, ukasema, "Karibu tena, mzee." Hukuliinua kwenye jua. Zamani ulikuwa ukiliinua kila asubuhi kabla ya kazi, lakini sukari ilikuwa imekula macho yako na jua lilikuwa linakuumiza. Ukanipa chekeche na daftari vyote viwili. Ukasema, "Wewe ndiye macho yangu sasa." Nikaitika, "Ndiyo, Mama." Niliitika hivyo.

Na hesabu ikaanguka mwezi huo huo.

Konokono wakubwa walikuwepo. Vikome vya ukubwa wa punje vilikuwepo. Waliopotea ni wadogo, wale minyoo wa uzi na vitoto vya konokono ambavyo wewe ulikuwa unavihesabu kwa lenzi. Mimi nilikusomea namba na ukaniambia nisome tena. Februari vile vile. Machi vile vile. Ulikuwa ukikaa kwenye gunia kwa Nasimiyu na kopo limeegemea goti lako, punje chache ndani, hata chai huongezi sukari. Ukasema neno ambalo bado nalisikia nikilala: "Wazee wapo, watoto hawapo. Mji usio na watoto, Kariuki, huo unahama."

Ulidhani ni mbolea ya mashamba ya juu. Ulidhani ni mvua iliyochelewa. Uliwaandikia wale wa Nairobi barua mbili kuuliza. Mimi nilidhani hivyo hivyo, naapa. Mtu akisha kujidanganya kwamba wavu ni wavu, anaamini. Nilikuwa nakusaidia kutafuta sababu huku nimelishika mkononi.

Mwezi wa tano ukavua gambuti. Ulisema macho yamekukataa lakini nyayo bado zinajua kusoma, utawatafuta kwa miguu. Nasimiyu alikukataza. Mimi nilikukataza, lakini kwa sauti ya mtu asiye na haki ya kukataza. Ukatembea kijiti hadi kijiti, buibui limeinuliwa, unakanyaga taratibu kama mtu anayetafuta shilingi gizani. Kwenye kijiti cha sita ukasimama. Ulisema si kitu, ni gamba la konokono. Lilikuwa gamba, ndiyo. Lilikata chini ya kidole kikubwa, kidonda kidogo tu. Nilikifunga na leso yangu. Mtu mwingine angepona kwa siku nne.

Kidonda hicho hakikufunga mpaka mwisho. Wewe unajua. Ninachotaka ujue ni kwamba watoto uliowatafuta kwa miguu walikuwepo, na ni mimi niliyekuwa nawamwaga.

Nililijua lini? Hili ndilo baya kuliko yote, na ndilo nitakalomwambia Zulekha kesho akinitazama machoni. Mwezi wa saba nilienda peke yangu, wewe ukiwa umelala kwa Nasimiyu na mguu juu ya mto wa kulalia. Maji ya mto yalikuwa yamerudi mbali. Nikabeba ndoo mpaka uani kwa Nasimiyu, nikachekechea juu ya beseni lake la bluu badala ya juu ya matope. Nikamwaga vilivyobaki kwenye sinia, nikahesabu, wachache, kama kawaida. Halafu nikainua beseni nimwage maji.

Beseni lilikuwa limejaa nyuzi nyekundu. Zinajikunja, zinanyooka. Na vitoto vya konokono kama mbegu za mchicha, vinatambaa kwenye bluu.

Nilikaa chini hapo hapo kwenye kinyesi cha kuku. Wewe ulikuwa ndani, hatua kumi. Nilisikia ukikohoa. Ningeingia na lile beseni, nikaliweka mbele yako, nikasema, "Mama, watoto hawa hapa." Ungenitukana kwa lugha tatu. Halafu ungelia. Halafu ungeomba chai na sukari ya tatu. Nimeishi saa hiyo mara nyingi sana kwa namna hiyo.

Sikuingia. Nilimwaga beseni. Nilijiambia nitasema baada ya baraza.

Baraza lilikuwa siku nane baadaye. Wewe uliliogopa tangu mwaka uliotangulia, pale vijana wa matofali walipoomba ule ukingo kwa naibu wa chifu. Si watu wabaya, hata wewe ulisema. Wafula, kiongozi wao, alikuwa na watoto watatu na hana shamba, na udongo ule unatoa tofali zuri jekundu. Mwaka uliotangulia uliwazuia kwa daftari. Uliwasomea hesabu, kijiti kwa kijiti, ukawaambia hiki ni chakula cha wageni wanaoruka miezi, tukikiondoa watakosa pa kutua. Wazee wakatikisa vichwa, wakasema mama aachiwe matope yake.

Safari hii ulienda na fimbo, mguu umefungwa. Naibu wa chifu akakuuliza kwa heshima tu: mama, chakula cha ndege kipo ama hakipo? Na wewe, ambaye hujawahi kuongeza hata mnyoo mmoja kwenye hesabu, ukasimama, ukashika fimbo kwa mikono miwili. Ukasema, "Kilikuwepo. Sasa hakipo."

Nilikuwa nyuma yako. Nilikuwa nimeshika daftari lako. Watu wakageuka kumtazama Wafula, na Wafula mwenyewe alionekana kuona haya. Nikalifunga lile daftari. Baraza likaisha, watu wakaondoka na viti vyao. Njiani ukaniambia, "Afadhali kusema kweli," nikasema, "Ndiyo, Mama."

Baada ya hapo kila siku ilikuwa na sababu yake. Leo ana homa. Leo amelala vizuri, nisimharibie. Leo Zulekha yuko chumbani. Pale hospitali ulipokatwa kidole, nilikuja nimejiandaa, nimeyapanga maneno kutoka nyumbani, na wewe ukaniuliza kama vijana wameanza kuchimba. Nikasema bado. Walikuwa wamefika kijiti cha pili. Huo nao ni uongo, uweke pamoja na mwingine.

Ulifariki siku chache kabla ya Ramadhani. Ulikuwa umekwisha kubishana na daktari kwamba utafunga.

Walikuzika siku hiyo hiyo, kabla ya magharibi. Sikujua kama mimi Mkristo wa Kwanza nina nafasi pale, lakini mjomba wako alinivuta kwa mkono wa shati, akanisimamisha kwenye safu ya wanaume. Kila mtu alitupa udongo mara tatu. Nilipochota mara ya pili, kulikuwa na nyungunyungu mkononi mwangu, mzima, anajikunja. Nilisimama naye. Watu wakaningoja. Mama Zulekha, nisamehe, mkono wangu ulitaka kutafuta punje ya mahindi. Nilimweka kando kwenye nyasi, nikatupa udongo uliobaki.

Baada ya arobaini, Zulekha aliniita. Alinikabidhi chekeche na daftari, vimefungwa kwenye leso yako ya kijani. Alisema uliagiza hivyo, kwamba Kariuki ndiye anayejua kusoma matope. Nilifungua daftari barabarani tu, sikuweza kungoja. Ukurasa wa mwisho ni mwandiko wako, ule mkubwa wa mtu asiyeona, mistari inapanda na kushuka:

"Watoto hawapo tena. Matope yamekufa. Sijui nimekosea wapi."

Miaka ishirini na sita ya maabara na miaka yote ile ya mtoni, na ulikufa ukitafuta kosa lako. Hapakuwa na kosa lako. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara, mtu wa baiskeli akasimama kuniuliza kama nimegongwa.

Nimefanya nini tangu hapo? Nimefanya yale ambayo ningefanya mwezi wa saba.

Nilizunguka mpaka Webuye nikitafuta wavu wa maziwa, nikaupata kwa mzee mmoja mwenye ng'ombe, chungio lake la zamani. Nikaung'oa wavu wa mbu, nikaupigilia ule. Nililiinua kwenye jua kama wewe. Januari nikashuka Bungoma. Wakati huo mashimo ya matofali yalikuwa yamekula vijiti sita, yamejaa maji ya kijani, na vyura. Vimebaki vinne, vile vya karibu na maji. Nilivichimba vyote vinne, kina cha kiganja, nikasema Bismillahi yako kwa sababu bila hiyo mkono haukuwa unakwenda. Nikahesabu na lenzi. Nikahesabu tena. Wapo. Kijiti cha nane peke yake kilijaza punje nyingi kuliko kopo zima la mwezi wa tatu. Nikawarudisha wote, kila mtu nyumba yake, ndipo nikalia.

Nilimwambia Nasimiyu kwanza. Aliendelea kukamua ng'ombe mpaka akamaliza, nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Kaliuki, ule mguu," basi, akainuka na ndoo akaingia ndani. Hakunipa chai siku hiyo. Wiki iliyofuata alinipa.

Halafu nikaomba nafasi kwenye baraza. Nilibeba machekeche mawili, lile lako na fremu nyingine niliyoipigilia wavu wa mbu, na beseni la bluu. Sikutaka maneno. Nilichekecha ndoo moja ya matope kwa nyavu zote mbili mbele yao, nikainua beseni waone. Vijana wakacheka, mmoja akasema, "Ati chekeche? Yaani yule mama alikosea hesabu miezi yote hiyo?" Nikasema hapana, mama hakukosea. Nikasimulia kuanzia uji. Nilitaja jina langu na la baba yangu. Wazee hawakucheka hata kwenye uji.

Wafula ndiye aliyesimama. Alikuja mpaka kwenye beseni, akachovya kidole, akamtazama mmoja akijikunja kwenye ukucha wake. Akasema, "Kumbe wamekuwa hapa wote." Kisha akawageukia wenzake, akasema hawatapita kijiti cha sita. Naibu wa chifu ameandika hivyo. Vijiti sita vimekwenda, Mama, hivyo siwezi kukurudishia. Tofali lenyewe limejenga choo cha shule na nyumba mbili, na moja ni ya Wafula. Nimeiona. Ni nyumba nzuri.

Hata mama yangu nimemwambia. Akauliza ni minyoo ya aina gani. Nikamweleza. Akafunika uso kwa leso, mabega yakaanza kutikisika, nikamshika nikidhani analia. Alikuwa anacheka. Halafu alilia kweli, maana alikupenda, ulikuwa unamletea iliki. Amesema wakwe wasijue mpaka afe.

Kwa hivyo, ukiacha wakwe, wote wamesikia isipokuwa mmoja. Zulekha anajua umekufa kwa sukari. Hajui ulivua gambuti kwa sababu gani. Anaamini ulikuwa mkaidi tu, na huwa anakukasirikia kwa hilo, namsikia, anasema angalivaa tu viatu mama huyu. Nimemwacha akukasirikie wewe miezi sita. Kesho nitamwondolea hiyo. Akinifukuza, nitatoka. Akitaka kunipiga na mkasi wa cherehani nitakaa karibu ili asichoke. Nikirudi Kwanza kupalilia, nitapalilia, lakini kila mwezi nitashuka kwenye vile vijiti vinne, aniruhusu asiniruhusu, mpaka niwe mimi ninayehitaji macho ya mtu. Na huyo mtu nitamfundisha kuinua chekeche kwenye jua kila asubuhi.

Vitwitwi wameanza kujikusanya, wanataka kuondoka. Wamenona. Yule anayechechemea yupo.

Asubuhi hii, kabla ya barua hii, nilifungua daftari lako kwenye ule ukurasa. Nimeandika chini ya mstari wako, kwa kalamu ya wino, na ndicho kitu cha kwanza Zulekha atakachosoma kesho kabla sijafungua mdomo:

"Hukukosea popote. Watoto walikuwepo siku zote. Walipita kwenye wavu nilioubadilisha mimi, Kariuki, nikanyamaza."

Na chini yake nimeandika hesabu ya mwezi huu, kijiti cha saba, cha nane, cha tisa, cha kumi.

Pumzika sasa, Mama Zulekha. Usiwatafute tena. Wapo.

Ni mimi,
Kariuki wako wa ndoo